Malalamiko Kuhusu Mlima Ulioongezwa Urefu

Kwako Mheshimiwa Mhifadhi Mkuu wa Mlima,

Pokea heshima zangu, pamoja na pole kwa kazi ya kulinda mali ambayo hakuna mwizi awezaye kuibeba.

Mimi ni fundi cherehani mstaafu, na mke wangu ni mkunga mstaafu. Kila mwaka tangu tuoane, mvua zikishakatika, tunaupanda mlima wako kwa ile njia ya mawe ambayo hata vijana huikwepa. Tukifika kileleni tunakunywa chai ya chupa, kisha tunateremka. Hatujatupa hata ganda la pipi. Ndiyo maana nasikitika kukuletea haya:

1. Mlima umeongezwa urefu bila sisi watumiaji kushirikishwa. Tafadhali usinijibu kwamba ni umri. Umri ninao hata nikiwa kitandani, na kule sihemi.

2. Hewa ya juu imepunguzwa. Zamani ilitutosha sote wawili, na ya kuimbia ikabaki. Safari hii mke wangu alilazimika kunielekeza namna ya kupumua, vile alivyokuwa akiwaelekeza wajawazito, mbele ya wageni. Mmoja wao alinipongeza.

3. Vijana wako wanaoongoza wageni wameharibika. Zamani walitupungia tu wakapita. Sasa ni shikamoo tangu langoni, na mmoja alimpa mke wangu mkono pale penye utelezi. Akaupokea! Miaka yote hiyo mkono wa pale ulikuwa wangu.

4. Hili ndilo lililonikalisha kuandika. Kwenye mwinuko wa mwisho miguu yangu iligoma, nikakaa juu ya jiwe. Kibao cha kilele nilikiona kwa macho yangu. Nikamwambia mwenzangu aende, afike, anikute hapo hapo, maana hajakosa kufika hata mwaka mmoja. Akakitazama kibao, akanitazama mimi, akaketi na kufungua chupa ya chai. Akasema, "Mimi sikuolewa na kilele."

Tulikunywa chai pale pale. Wakati wa kushuka yeye aliimba. Mheshimiwa, nguvu za kufika alikuwa nazo. Na tangu siku hiyo hajanisimanga, hata tulipogombania televisheni. Mke akiwa na silaha kama hiyo asiitumie, mume hapati usingizi.

5. Binti yetu wa kwanza, ambaye ni daktari wa meno, amewaita wadogo zake kikaoni. Wameamua kwamba mwakani tupelekwe ufukweni tukakalishwe kwenye viti. Magoti hayana meno, kwa hiyo sielewi yeye amehusikaje.

Sasa ombi. Katika kazi yangu, suruali ikimzidi mteja, hakatwi mteja miguu. Suruali ndiyo hupindwa. Naomba mlima upindwe kidogo, kwa chini, ili kilele kisiharibike sura. Ikishindikana, kibao kiteremshwe hadi kwenye lile jiwe tulilokalia. Na hilo likishindikana, jiwe lenyewe litangazwe rasmi kuwa kilele, na sehemu iliyobaki juu yake ipewe jina jingine. Napendekeza "dari".

Nisalimie wote ofisini, walinzi wa langoni, wafagia njia na familia zao. Yule kijana mwenye mkono naye msalimie, ila kwa kifupi.

Ni mimi, wako katika kupanda na kushuka,

Fundi wa Njia ya Mawe

Nyongeza: Mke wangu ameisoma barua hii, akanisahihishia herufi, kisha akacheka mpaka akavua miwani. Anasema usiguse kitu. Anasema siku ile miguu yake ilikuwa imegoma kabla ya yangu, tena tangu chini kabisa, na alikuwa akiomba kimoyomoyo nichoke mimi ili apate wa kumsingizia. Sijui kama ni kweli. Mkunga hudanganya vizuri anapotaka mtu asiogope. Basi mlima uache ulivyo, barua hii ihesabu kuwa haikufika, na viti vya ufukweni wakalie watoto. Tutakuja. Tutaanza mapema, na tutapumzika kila atakapochoka yeye, yaani kila nitakapochoka mimi.