Mashine Mbili Kwenye Sakafu ya Bi Suhaila

Kirimi aligundua jambo ambalo wasomi wa biashara wameliandikia vitabu vinene: mtu ukimwonyesha kitu kimoja, atajiuliza kama anakihitaji, ukimwonyesha viwili, atajiuliza tu achukue kipi. Ugunduzi huo ulimjia Scarborough, pembeni mwa Toronto, katika ghala la mnada lililo nyuma ya duka la matairi, akiwa amesimama mbele ya maboksi ishirini na nne ya roboti za kufagia na kupiga deki. Zote zilikuwa za aina moja, nyeupe, na zote zilikuwa zimerudishwa na wenyewe kwa ugonjwa mmoja. Zikimaliza kazi hazikumbuki njia ya kurudi kwenye chaji, zinazunguka weee mpaka zinazimikia chini ya kochi. Mtu mwingine angeona takataka. Kirimi aliona aina mbili tofauti.

Alizinunua zote, akazirundika kwenye chumba cha chini alichopanga kwa Urbanus, Mkamba mpole mwenye jibwa la manyoya marefu liitwalo Chifu. Moja akaiacha nyeupe, akaiita Safisha Tano. Ishirini na tatu akazivisha karatasi nyeusi ya plastiki, ile ya kubandikia magari, akazipachika kistika cha dhahabu na kuziita Safisha Tisa. Usiniulize Sita, Saba na Nane zilikwenda wapi. Hakuna mteja aliyewahi kuuliza.

Alikuwa na haraka. Mke wake Kagendo, mwalimu wa hesabu kule Nkubu, Meru, alikuwa anatua Jumamosi baada ya miaka minne ya kusubiri viza, na chumba hakikuwa hata na nafasi ya kuweka kitanda. Kagendo alikuwa ameshavumilia mradi wa sungura waliokataa kuzaana, akavumilia na ule wa viwanja ambavyo, vilipopimwa, vilikutwa ndani ya mto. Safari hii alimwambia kwenye simu, bila kupandisha sauti, kwamba akisikia habari ya ujanja hata mmoja, ndege itaondoka bila yeye. Kirimi alimpenda mwanamke huyo kwa moyo wake wote, jambo ambalo halikumzuia kumwambia kwamba yeye sasa ni mtaalamu wa vifaa vya usafi. Alichopanga ni kuuza mashine zote kabla ya Jumamosi, kisha awe mtu mwema kuanzia hapo. Watu wengi huwa na mpango wa kuwa wema kuanzia Jumamosi.

Mbinu yenyewe ilikuwa nyepesi. Alijitangaza katika kundi la Waswahili wa Toronto kwenye simu kama mshauri asiyeegemea upande: anakuja nyumbani kwako bure, analinganisha mashine mbili mbele ya macho yako, unachagua mwenyewe. Na watu wetu tunajulikana. Tukiambiwa kuna mtu anakuja kusafisha, tunasafisha kwanza ili asije akakuta uchafu. Kwa hiyo kila sebule aliyoingia ilikuwa inang'aa. Nyeupe ilitangulia, ikazunguka, ikafunguliwa kikasha chake, ikaonekana imeokota vumbi la kijiko. Kisha nyeusi ikapita palepale palipokwisha kufagiliwa, na kikasha chake kilipofunguliwa, kilifura uchafu. Kirimi alikuwa amekishindilia tangu asubuhi kwa manyoya ya Chifu, maana vumbi tupu halitishi, lakini nywele humnyima mtu usingizi. Mama Bosibori wa Pickering, muuguzi wa miaka mingi, alionyeshwa kikasha hicho mbele ya mawifi zake watatu. Alinunua kabla hajaambiwa bei.

Chini ya kila tangazo lake katika lile kundi, Kagendo, aliyejiunga akiwa bado Nkubu ili aizoee Toronto mapema, aliandika: "Mume wangu anaweza." Kirimi kila alipoyasoma maneno hayo alijisikia vibaya kwa muda, kisha akaendelea na kazi.

Jumanne akaitwa Etobicoke, ghorofa ya kumi na moja, kwa Bi Suhaila. Mama huyu alikuwa mzaliwa wa Tanga, mfamasia, mjane, na wiki ijayo ilikuwa Ramadhani. Nyumba yake ndiyo hufuturisha nusu ya jengo. Kirimi alijiandaa kwa adabu zote. Alijizoeza salamu mbele ya kioo. Alivaa soksi mpya kwa kuwa alijua viatu vitabaki mlangoni. Hata soseji ya asubuhi aliikataa, kwa heshima ya nyumba anayokwenda. Alikuwa Mmethodisti wa Meru aliyekulia kwenye boma lenye mbwa wanne, akafikiria kila kitu isipokuwa kimoja.

Bi Suhaila alimpokea na daftari mkononi. Wiki tatu alikuwa amezitumia kusoma habari za mashine hizi, akamuuliza maswali ambayo Kirimi hajawahi kuulizwa: ipi inainua kitambaa chake cha deki ikifika kwenye zulia, ipi inakumbuka ramani ya vyumba, ipi inanong'ona na ipi inapiga kelele. Jirani yake Nazmin, mtunza meno aliyezaliwa Dar, alikuwa ameketi kwenye kochi na kikombe cha chai, amekuja kutazama sinema. Kirimi alijibu yote kwa mdomo wake mtamu, na alipoona daftari halishawishiki, akaongeza kitu ambacho hakikuhitajika. Alisema kina mama sita wa Kiislamu wa hapahapa wameshafanyiwa onyesho, akawataja mmoja mmoja kwa majina aliyoyachukua kwenye kundi, akianza na Bi Qurratulain wa jengo la pili. Hakuwa amekanyaga kwa hata mmoja wao.

Nyeupe ikazunguka, ikaokota kijiko chake cha vumbi. Nyeusi ikafuata, ikafagia, ikapiga deki kwa maji, ikaacha sakafu ya mbao imelowa vizuri, kisha ikapotea njia na kujigonga kwenye kabati la vyombo. Kirimi akaiokoa na kukifungua kikasha juu ya gazeti.

"Ona, mama," akasema kwa sauti ya msibani. "Hii yote mlikuwa mnatembea juu yake."

Bi Suhaila akainama. Kwa ncha ya kalamu akainua kifundo cha nywele ndefu za kahawia.

"Nywele za nini hizi?"

Mtu mwenye akili zake angesema za paka. Kirimi alitaka kumtisha.

"Za mbwa, mama. Nyeupe ilizipita. Nyeusi haiachi kitu."

Nazmin akaweka kikombe mezani.

"Za mbwa," Bi Suhaila akarudia. "Na ilikuwa inapiga deki."

"Inafagia na kupiga deki wakati mmoja. Hapo ndipo inaishinda ile nyingine."

"Kwa maji."

"Maji ya kutosha kabisa. Sebule yote, na koridoo, mpaka pale kwenye kona unaposalia."

Hata Kirimi aliona kwamba ameharibu mahali, ingawa hakujua ni wapi. Ikabidi Nazmin amweleze polepole, kama anavyomweleza mgonjwa kwamba jino halitaokoka. Nywele za mbwa zikilowa ni najisi nzito. Mahali zilipogusa huoshwa mara saba, na mojawapo ya hizo saba iwe kwa udongo.

Bi Suhaila hakukasirika, na hilo ndilo lililomtia Kirimi baridi. Alisema nyumba hii ina miaka kumi na tisa na mbwa hajawahi kuvuka kizingiti chake. Kwa hiyo kuna mawili. Kama nywele zimekuja ndani ya mashine, basi mshauri ni tapeli, na atalieleza kundi zima kwa sauti yake mwenyewe, pamoja na yule bibi wa Nkubu anayempigia makofi. Kama zilikuwa hapa sakafuni, basi mashine yake imezitandaza kwa maji, na aliyetandaza ataosha.

"Chagua, baba," akasema.

Kirimi aliiona ndege ikiondoka bila Kagendo. Akaanza kueleza kwamba huenda mbwa wa majirani wakipanda lifti, upepo huingiza manyoya chini ya mlango. Bi Suhaila akakubali haraka, haraka mno, akamtuma akatafute udongo.

Ungekuwa Julai, angeuchota nyuma ya jengo. Ilikuwa Februari. Alitoka na mwiko aliopewa, akafukua theluji, chini ya theluji akakuta barafu, chini ya barafu ardhi ngumu iliyoupinda mwiko. Akapanda basi mpaka duka la maua. Muuzaji akamuuliza anataka kupanda nini wakati huu wa mwaka. Kirimi akamwambia ukweli, kwamba udongo ni wa kuoshea sakafu, na kwa mara ya kwanza mwezi ule hakuna aliyemwamini.

Huku nyuma Nazmin alikuwa amezipindua mashine zote mbili na kukwangua pembe ya karatasi nyeusi kwa kucha. Chini yake palikuwa peupe. Bi Suhaila akatazama, akacheka kidogo, kisha akaingia chumbani na simu na kuongea na mtu kwa muda mrefu. Kirimi aliporudi na mfuko wa udongo begani, alikuta mashine zimekaa kama alivyoziacha na chai yake imemiminwa.

Akapiga magoti, akaosha. Alikuwa kwenye mara ya nne Bi Suhaila alipolifungua daftari lake na kukumbuka wale kina mama sita. Maskini wenzake, akasema, watafungaje na kusali juu ya sakafu hizo bila kujua. Akampigia Bi Qurratulain, akaweka simu wazi ili wote wasikie, akamsimulia kisa kizima, udongo, mara saba na yote, kisha akamuuliza kama kweli Kirimi alifika kwake na mashine.

Bi Qurratulain aliomba arudiwe hilo la mara saba. Hesabu ilikuwa inapigwa huko: Ramadhani ni wiki ijayo, na magoti yake yana umri wa miaka sitini na mbili.

"Alifika," akasema. "Alipitisha sebuleni na vyumba vyote viwili."

Kirimi akaendelea kusugua. Kusema hajafika ni kusema alidanganya, na aliyedanganya la majina amedanganya na la manyoya. Wa pili akasema alifika, tena alipitisha hadi jikoni. Wa tatu na wa nne vilevile. Wa tano, mtu mkweli, akasema hamjui kijana huyo, simu ikakatwa. Baada ya dakika mbili akapiga mwenyewe kusema samahani, amekumbuka. Wa sita alikuwa ameshapata habari kwa wenzake, hakungoja hata kuulizwa, akasema aanze kwake.

Huo ulikuwa utapeli safi, wa akina mama wachamungu, wala sitawatetea. Nasema tu kwamba Kirimi, aliyekuwa mtaalamu wa kazi hiyo, aliutambua palepale na akakosa pa kuushtaki.

Jumanne, Jumatano, Alhamisi na Ijumaa aliosha. Kila sakafu mara saba, maji ya kwanza na udongo, ndoo baada ya ndoo, maana hakuna mama aliyekubali mashine nyingine iguse nyumba yake. Walimlisha vizuri, hilo alikiri. Wakamwonyesha na nyuma ya friji. Viganja vikapasuka kwa baridi na sabuni, magoti yakavimba, na siku ya Alhamisi, alipokuwa peke yake kwenye kituo cha basi, aliwaza kwa dhati kuhusu kupanda basi la kwenda upande mwingine na kuzima simu. Akakumbuka "Mume wangu anaweza." Akapanda la kwenda kwa Bi Qurratulain.

Jumamosi mchana alisimama uwanja wa ndege na koti la kuazima la Urbanus. Mashine kumi na tano bado zilikuwa zimejaa chumbani, na uongo wa kuzieleza hakuwa nao. Kagendo akatokea na masanduku mawili, mwembamba kuliko kwenye picha. Kabla ya kumkumbatia alimshika mikono, akaigeuza viganja juu, akavitazama vile vidonda kimoja kimoja.

"Bi Suhaila alinipigia Jumanne," akasema.

Kirimi akajaribu kuivuta mikono yake, naye hakuiachia.

"Aliniambia yote. Nyeupe, nyeusi, na huyo mbwa. Akaniuliza kama bado nakuja. Nikamwambia akushike na orodha yako mwenyewe mpaka Ijumaa. Ukitoroka hata nyumba moja, mimi sipandi ndege."

"Sikuwa nimefika kwa hao watu sita, Kagendo. Hata mmoja."

"Najua. Ndiyo maana nilitaka kuona." Macho yalikuwa yamemjaa machozi, na hakujisumbua kuyaficha. "Siku tatu nimekaa na masanduku mlangoni nikingoja kuambiwa umetoroka. Nililia mpaka mama akaficha simu. Hukutoroka."

Kirimi akalia hapohapo, katikati ya watu na vigari vyao, na safari hii hakuwa anamuuzia mtu kitu. Kagendo akamwacha amalize. Kisha akatoa mkobani karatasi yenye majina tisa ya walionunua, aliyoyakusanya kwenye lile kundi, kwa mwandiko wa mwalimu, akamweleza kwamba Jumatatu saa mbili asubuhi wanaanzia Pickering kwa Mama Bosibori. Anarudishiwa pesa yake kwanza, halafu anaoshewa nyumba, ghorofa zote mbili.

"Mara saba?" Kirimi akauliza.

"Yule ni Msabato. Nimemwambia tatu zinatosha."

Kirimi akabeba masanduku yote mawili.