Mjusi wa Kisiwa Kimoja

Duka la Liberatus pale Uyole lilipoibiwa sukari mara ya tatu, watu wote walimpa pole. Tusajigwe peke yake alirudi nyumbani, akakamata mjusi ukutani, akamtia kwenye chupa ya jamu.

Kesho yake aliiweka chupa juu ya kaunta kwa heshima zote. "Huyu, bwana, anapatikana kisiwa kimoja tu katika bahari nzima. Mchana analala. Usiku, mwizi akitia mguu ndani, anabweka mpaka mtaa mzima unaamka."

Liberatus akakodoa macho. "Mbona kama hawa wa chooni kwangu?"

"Na wewe kwa mbali unafanana na karani wa boma. Umewahi kulipwa mshahara wake?"

Hoja ilikuwa nzito. Liberatus akamlipa kwa cherehani ya mkono iliyokuwa inakaa bure stoo. Tusajigwe nusura alie. Miaka minne alikuwa akiiota: aachane na kudanganya watu sokoni, akae barazani Iringa, ashone magauni kama mama mwenye heshima zake.

Akaibeba hadi barabarani kungoja lori. Mzee mmoja mwenye koti la mvua, aliyeshinda barazani kwa Liberatus akisikiliza yote, akamfuata.

"Binti, umeolewa wapi?"

"Rungwe. Kwa Isakwisa, fundi matofali."

"Isakwisa! Si mtoto wa mdogo wangu huyo! Mimi baba yake mkubwa!"

Maskini! Kwa Wanyakyusa, mke hamtazami baba mkwe usoni, wala ndugu zake. Akikutana nao njiani hujifunika na kukimbia. Tusajigwe alijitupia khanga kichwani, akazama kwenye mahindi, cherehani akaiacha palepale. Uongo wa kila mfanyabiashara wa Mbeya alijua kuupima, lakini huu angeupimaje, na mwenyewe ni mwiko kumtazama?

Akachutama humo, akisubiri mkwe apite. Mkwe hakupita. Lori likasimama, kitu kizito kikapakiwa, likaondoka.

Alipochungulia, mzee alikuwa juu ya lori, ameikumbatia cherehani. "Wasalimie Rungwe, mama!" akapaza sauti. "Mimi kwetu Njombe, huko kwenu sijafika hata siku moja!"

Tusajigwe akafungua mdomo amtukane. Matusi alikuwa nayo, tena ya kutosha. Lakini itakuwaje kama anatania tu, na ni mkwe kweli? Akaivuta khanga machoni, akachutama tena, akakaa hivyo mpaka lori likapotea.