Kofia ya Kocha Aliye Mapumzikoni

"Macho yangu haya humwona sisimizi akimkonyeza mwenzake ng'ambo ya uwanja," alitamba Bi Darubini, huku kahawa yote akiimimina pembeni ya kikombe. Akalipapasa dimbwi mezani, akalifuta kwa upindo wa nguo yake. "Ya mbali, nimesema. Ya karibu sikujaliwa."

Benchi lake la kuuzia kahawa liliegemea uzio wa waya wa uwanja wa chuo kikuu. Ndani ya uzio timu ya chuo ilikuwa inamenyana na chuo jirani. Nje walikaa wale wale wa kila siku: Fundi Viatu, na Mhadhiri, ambaye ni bawabu wa geti tu, ila hajapita mtu pale bila kuhadhiriwa. Katikati yao, na kofia yake nyekundu, alikaa Kocha wa timu yenyewe, mkwe wa Bi Darubini.

Kocha alikuwa ameanguka kando ya mstari, tusi likiwa nusu mdomoni. Daktari akasema ni presha na uchovu wa akili: mpira asiuguse mwezi mzima, na kahawa aiache. Mkewe naye akaongeza lake: "Nikisikia umeigusa timu hata kwa kidole, wodini nitakuja kukutazama, lakini nyumbani hutatukuta." Kisha akampeleka kwa mama yake achungwe, pale pale kwenye uzio. Ni sawa na kumficha paka buchani.

Mhadhiri akakung'uta gazeti. "Sikilizeni! Wataalamu wamegundua makocha wa vyuo wanachoka mpaka akili inagoma."

"Wamegundua leo?" Fundi Viatu akacheka. "Hata soli ina mwisho wake! Ila na wewe Kocha, unachoka nini? Kazi yako kusimama na kupiga kelele. Mke wangu anaifanya bure."

"Ndugu yangu we," Kocha akapumua, "basi naendesha mimi. Jezi nafua mimi. Kipa akiachwa na mchumba, anakuja kulia begani kwangu. Tukishinda, kashinda Mkuu wa Chuo. Tukifungwa, nimefungwa mimi."

"Acha kukufuru," Mhadhiri akamkatiza. "Si wamewaundia kamati ya kupunguza uchovu wa makocha?"

"Wameunda. Katibu wake mimi. Tunakutana alfajiri, kabla ya mazoezi."

"Na semina ya kupumzika je?"

"Viti nilipanga mimi."

Fundi Viatu alipaliwa, gazeti la Mhadhiri likaoga kahawa.

"Lakini sasa nimeutua mpira kama mzigo wa kuni," Kocha akaendelea. "Hapa nilipo sijui hata nani anacheza na nani." Akavua kofia, akajikuna upara, akaivaa tena.

Kule mbali, Bi Darubini akamwona beki wa kulia, aliyekuwa amesimama kama nguzo ya umeme, akichomoka mbio kwenda mbele.

"Raha tupu," Kocha akasema, akavuta sikio. Mshambuliaji mmoja akahamia kushoto.

"Mkwe, sikio lina nini?"

"Mbu, mama."

"Mchana huu?"

"Mbu wa chuo hawa, mama. Hawana likizo."

Fundi Viatu akapiga paja. "Eeh, leo vijana wanasakata! Kumbe ugonjwa wa timu ulikuwa wewe, Kocha!"

Kocha akashika kikombe chake. Bi Darubini hakuuona vizuri uso wake, ila alikisikia kikombe cha maji ya moto kikigonga meza, tetetete, mkononi mwa mkwewe. Mkono ulitetemeka hivyo hivyo siku ile ya kuanguka. Na binti yake tangu siku hiyo halali, anamsikiliza mumewe kama anapumua. Akanyoosha mkono.

"Hebu nipe kofia yako, baba. Ina vumbi."

Mama mkwe hakataliwi. Bi Darubini akaitia kichwani, akajikongoja hadi kwenye uzio, akaivua, akaivaa, akaivua tena, taratibu, kama anayepunga upepo.

Wachezaji hawakutazama uso, walitazama wekundu. Kipa alishangaa kidogo, kisha akaliacha goli akakimbilia mbele na wenzake. Mpinzani mmoja akausindikiza mpira wavuni kwa kutembea.

"Mama!" Kocha akaruka. "Mara mbili ni kipa apande!"

Bi Darubini akageuka.

"Mara mbili ya nini, baba?"

Kocha akaketi polepole.

"Umeanguka mara moja, mkwe wangu," Bi Darubini akasema kwa sauti ya chini, akimrudishia kofia. "Wao wakifungwa, kesho watacheza tena. Wewe una kesho ngapi?" Kisha akakodoa macho kuelekea getini. "Ivae vizuri. Mwanangu yule anakuja na dawa zako."

Mkewe akafika anahema. Akamshika mumewe shavu, akamgeuza huku na huku. "Umepumzika kweli, mume wangu? Hujaigusa timu?"

"Timu gani?" Kocha akajibu, akicheka kwa meno yote. "Mimi hata sijui kama leo kuna mechi."

Na kwa kujiona ameponea chupuchupu, akavua kofia, akajifuta jasho.

Nyuma yake, ng'ambo ya waya, beki wa kulia akachomoka mbio.