Mheshimiwa Egbert Lavia Afungua Mlango wa Nyumba ya Maneno

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Mkutano huu wa Chai, Bi. Hyacinth Browne, ambaye pia ni Mwalimu Mkuu wetu, Mheshimiwa Makamu Mwenyekiti, ambaye amekalia miwani yangu, Mchungaji Isaacs, Sajenti wa kituo, wanakwaya, wapishi wa keki, mke wangu mpenzi, mama mkwe wangu, mheshimiwa kuliko wote, nanyi wananchi watukufu wa kijiji cha Bonne Vue: mimi, Egbert Lavia, Katibu Maalumu wa Maneno Adimu ya Kiingereza, Maana Zake na Matamshi Yake, nawasalimu, nawasalimu tena, na kwa mamlaka niliyopewa nawasalimu mara ya tatu. (Makofi. Mbuzi analia mahali fulani.)

Nyuma yangu mnaona mlango mwekundu uliofungwa utepe, na kushoto na kulia mashuka meupe, ambayo kwa sababu za kitaalamu hayataondolewa leo. Nyuma ya mashuka hayo, kwa kuzingatia mpango mkakati shirikishi wa awamu ya kwanza, ipo Nyumba ya Maneno, yenye kamusi arobaini, viti sabini, na kinywa cha shaba kinachotamka neno lolote ukikibonyeza pua. (Sauti: "Pua ya nani?") Pua ya kinywa, ndugu yangu. Maswali mwishoni.

Nilipoingia madarakani, ni asilimia sita tu ya wananchi wa Bonne Vue waliojua neno la Kiingereza lenye herufi zaidi ya kumi na mbili. Leo ni asilimia mia moja na kumi na nne. (Makofi. Mama mkwe: "Hao kumi na wanne wanatoka wapi?") Wanatoka kijiji jirani, mama, kwa wivu.

Najua pia habari za binti yetu Verlyn Quashie, huyu aliyeketi mbele na soksi zake nyeupe, atakayetuwakilisha Jumamosi kwenye mashindano ya maneno mjini Kingstown. Najua kwamba kamusi pekee ya shule imeliwa na mchwa kuanzia M mpaka Z, na kwamba binti huyu anajua kila neno kuanzia A mpaka L, na baada ya hapo ni giza. Verlyn, mwanangu, giza lako limekwisha! (Verlyn: "Nitaingia leo, mheshimiwa?") Utaingia hivi karibuni, kwa utaratibu utakaotangazwa. (Verlyn: "Jumamosi ni keshokutwa, mheshimiwa.") Nimelipokea hilo, na nimelipeleka kwenye kamati.

Wananchi, serikali yangu inawaletea neema, inawaletea nuru, inawaletea, nasema bila kutetereka, *borborygmus* kubwa kuliko zote katika historia ya kisiwa hiki! (Benchi zinapigwa. Wote: "Maana! Maana!")

Naam. Naijua desturi ya mkutano wa chai, nimezaliwa humu. Msemaji akirusha neno, benchi zikipigwa, lazima atoe maana. Akishindwa, na mwingine akaijua, humkabidhi huyo kitabu chake mpaka mwenyekiti apige kengele ya kufunga mkutano. Basi maana yake ni... maendeleo. Maendeleo mazito. (Verlyn anasimama: "Hapana, mheshimiwa. Hutamkwa bo-bo-RIG-mas. Ni ngurumo ya tumbo." Kicheko. Sauti: "Mpeni keki, mzee ana njaa!" Mama mkwe: "Na asubuhi amekula shelisheli zima!")

Utulivu, tafadhali. Desturi ni desturi. Verlyn, njoo uchukue. Kamusi hii ndogo ya jalada la bluu ndiyo iliyonifikisha kwenye cheo hiki. Sikuwahi kusoma maana, nilichagua maneno kwa urefu. Usikunje kurasa. (Verlyn anaketi. Anafungua M.)

Naendelea. Mradi huu si ndoto, si porojo. Mradi huu ni *taradiddle* ya kwanza katika Karibi nzima! (Benchi. "Maana!") Jamani, hata la mwisho? (Verlyn anafunua kurasa upesi: "Ta-ra-DI-dol. Uongo wa majigambo, mheshimiwa." Kicheko kinachomwangusha Sajenti kutoka kwenye kiti chake.)

Kutokana na uhaba wa muda nitahitimisha. Maneno adimu! (Wachache: "Juu!") Maana zake! ("Zije!") Mlango wa elimu! (Mama Ollivierre: "Ni wangu!")

Ndiyo, na hapo naingia kwenye shukrani. Namshukuru Mama Ollivierre kwa kutuazima mlango wa mbele wa nyumba yake, na naomba vijana waurudishe kabla ya mvua maana sebule yake iko wazi. Nalishukuru kanisa kwa mashuka. Namshukuru Bwana Cuffy kwa kuwahamishia mbuzi wake nyuma ya mashuka hayo, ili pasionekane patupu mno. Nawashukuru wote kwa kuja kufungua kitu ambacho, tukipata mchoro, tukipata mchanga, tukipata kiwanja, kitajengwa.

Sasa Mwenyekiti, naomba upige kengele, nirudishiwe kamusi yangu, kwani Jumatatu nina hotuba nyingine. (Bi. Browne anaitazama kengele. Anamtazama Verlyn, ambaye amerudi M na tayari anageuza ukurasa, midomo ikicheza kimyakimya. Anaiweka kengele ndani ya mkoba na kufunga kifungo.)

(Bi. Browne: "Mkutano haufungwi, mheshimiwa. Umeahirishwa mpaka Jumapili.")