Jua la Pili Linahamia kwa Kinyozi

Jumatatu, 7 Julai 2025

Habari mbaya kabla ya uji. Binti yangu Verdiana ameisoma kwenye simu yake: watengenezaji wa Jua la Pili hawatatoa sehemu ya nane kama filamu. Watatoa tamthilia! Kipande kimoja kila Ijumaa, kwa intaneti, na maandishi ya Kiswahili chini ya picha. Cha kwanza ni Ijumaa hii hii, na kinarudia lile tukio la sehemu ya tatu, Nahodha na Jemadari Moru katika chombo kidogo cha angani.

Nimemwambia uji umepoa. Haukuwa umepoa. Aliyepoa ni mimi.

Daktari amesema moyo wangu umechoka, nisipande mlima. Nyakakika yote ni mlima. Nina miaka themanini na minne, na naandika haya kama mtu anayefunga mizigo. Ndani ya mizigo kuna uongo mmoja mkubwa.

Nilipostaafu ualimu nilifasiri filamu katika banda la video hapa kijijini. Nilikaa kando ya runinga na kipaza sauti, jenereta ikinguruma nje. Zote saba za Jua la Pili nimezifasiri mimi. Siku ya ile ya kwanza meli ya angani ilipita juu yetu, ndefu, haiishi, na watu sabini wakainama kwenye mabenchi isiwaguse vichwa. Mimi pia niliinama. Nimefundisha jiografia miaka thelathini na sijapata kuona kitu kikubwa vile.

Shida ni kwamba Kiingereza changu ni cha vitabuni. Watu wa angani wanasema kama wanatafuna kahawa. Nilielewa theluthi moja. Theluthi mbili nilitunga.

Katika sehemu ya tatu, Nahodha na adui yake Moru wako peke yao chomboni. Kila mmoja anameza kidonge. Wanaambiana jambo. Sikushika hata neno! Banda zima linanisubiri. Nikatangaza: omukago!

Wajukuu, mtakaosoma haya nikiwa nimezikwa: omukago ni udugu wa damu. Tunda moja la kahawa lina punje mbili. Kila mtu anajichanja karibu na kitovu, anaipaka punje damu yake, mwenzake anaimeza. Ukimsaliti ndugu huyo, tumbo linavimba mpaka ufe.

Watu walisimama wakapiga makofi. Majirani zangu Jovin na Placidius, waliogombea mpaka wa shamba miaka kumi na mmoja na kukatiana migomba, walitazamana. Wiki ile ile wakachanjana. Hadi leo ni ndugu.

Sasa maandishi yatasema ukweli. Watajiona wamefanywa wajinga. Mapanga yatarudi mpakani, nami nitazikwa katikati ya ugomvi nilioufufua. Tamthilia hii lazima izuiwe.

Jumanne, 8 Julai

Hila ya kwanza. Nimewaandikia wenye kampuni barua ya kurasa nne kwa Kiingereza cha heshima. Nimewaeleza kwamba filamu ni kitu cha benchi. Watu sabini wakishtuka pamoja, mshtuko mmoja unakuwa sabini. Mtu na simu yake anashtuka peke yake kama mgonjwa. Tena mbingu ikiingia kwenye kiganja, imebaki mbingu gani? Sikutaja vidonge.

Verdiana ameipiga picha na kuituma. Jibu limekuja kabla hajaiweka simu mezani! Wamenishukuru kwa maoni yangu ya thamani. Wamesema mimi ni muhimu kwao. Nimesoma mara tatu. Watu wa mbali vile, wenye nyota zao za kushughulikia, wanamjibu mzee wa Nyakakika papo hapo!

Verdiana amesema ni mashine, humjibu kila mtu hivyo hivyo. Nimezidi kustaajabu. Mashine, na ina adabu kuliko wanafunzi wangu wote wa mwaka tisini na mbili.

Hila imekufa, lakini imekufa kwa heshima.

Alhamisi, 10 Julai

Hila ya pili. Projest, kinyozi, ndiye mwenye runinga kubwa na intaneti. Ametangaza kwamba Ijumaa saa kumi ataonyesha kwa wote. Nimeshuka kwake kwa fimbo, nikipumzika mara sita, nikaitisha mjadala. Nilitegemea kushinda. Wengi wa waliokuwepo niliwahi kuwafundisha.

Nilisema yote ya barua. Nikaongeza kwamba filamu ina mwanzo na mwisho kama maisha ya Mkristo, lakini tamthilia ni mgeni asiyeaga.

Projest alinisalimu shikamoo vizuri kabisa, kisha akanimaliza. Alisema filamu ni chakula cha harusi: unashiba siku moja, unakaa miaka mitatu ukisubiri mwingine aoe. Tamthilia ni mgomba nyuma ya nyumba. Unakata mkungu, mtoto wake yuko pembeni anakuja. Watu walicheka. Nikajibu kwamba kinyozi naye akinyoa nywele tano kila Ijumaa, mteja ataoa lini? Walicheka tena, wakanicheka mimi. Jovin aliniuliza mbele ya wote kama Mwalimu anaogopa kustaafu mara ya pili. Placidius akamwambia mwache, ndugu yangu, mzee ana wivu na maandishi.

Kisha Bibi Kokubanza akaomba kusema. Ananipita umri kwa miaka miwili, na alikuwa akikaa benchi la mbele. Alisema yeye ni wa tamthilia. Filamu moja na nyingine ni mbali, mtu wa umri wake hufia katikati. Ijumaa hadi Ijumaa anaweza kujikaza.

Mimi mwenyewe sehemu ya nane ya filamu nisingeifikia! Nilikuwa nikipigania benchi ambalo nisingelikalia.

Tukapiga kura kwa mikono. Tamthilia ishirini na tatu, filamu wanne. Mmoja wa wanne wangu alikuwa amelala, mkono ameuegemeza ukutani.

Ijumaa, 11 Julai

Hila ya tatu, ya ustadi. Nimewahi kwa Projest mapema. Nimemwambia maandishi yatawaaibisha wasiosoma, akina Bibi Kokubanza. Tuyafunike, nami nitafasiri kwa mdomo kama zamani. Ameafiki upesi, kijana ana moyo mzuri. Tumekata kalenda ya parokia ya mwaka jana, tukaibandika sehemu ya chini ya kioo cha runinga kwa plasta zangu za hospitali.

Saa kumi. Watu wamejaa mpaka nje.

Nitaelezaje? Hakuna vita. Hakuna meli. Kuna jua moja linazama na la pili linachomoza upande mwingine, na kati ya hayo mawili mwanamke mzee analima udongo mwekundu peke yake. Dakika nzima. Dakika tano! Anafukia mbegu, anaketi, anaisubiri. Vivuli vyake ni viwili, kimoja kinarefuka, kingine kinafupika. Filamu gani ingempa mkulima muda huo? Filamu ina haraka, ina mwisho wa kuwahi. Hii ilikaa naye kama jirani. Kinyozi aliacha mashine ikilia mkononi. Nilitakiwa kufasiri na hapakuwa na neno la kufasiri. Nilikuwa nalia.

Ndipo plasta zikaachia kwa joto. Kalenda ikaanguka, na pale pale tukawa chomboni, Nahodha na Moru, kila mtu na kidonge chake. Maandishi yakatokea, meupe, makubwa. Jemadari anasema: Meza hii, ni dawa ya kichefuchefu cha safari. Nahodha anasema: Asante, nilisahau yangu.

Projest akasema kwa sauti kwamba Mwalimu ametulisha kichefuchefu miaka kumi na minane. Hakuna aliyecheka. Wote waligeuka, hawakunitazama mimi. Waliwatazama Jovin na Placidius.

Nilisimama. Nilikiri palepale, mbele ya watu, kwamba sikuelewa hata neno, kwamba nilitunga. Nikaomba wasirudishe mapanga.

Jovin aliniambia niketi nisije nikafa bure. Alisema alijua tangu siku ile. Mtu gani mwenye akili anafanya omukago bila kahawa? Placidius akasema hata yeye. Walikuwa wamechoka, ndugu zangu! Miaka kumi na mmoja ya kukatiana migomba inachosha, na kila mmoja aliona haya kumwendea mwenzake kwanza. Mzee mwenye kipaza sauti akawapa sababu. Jovin akafunua shati akaonyesha kovu. Hili halikutoka angani, akasema. Sasa kaeni, mnatuzibia.

Nimeona majua mawili leo. Lakini lile kovu dogo jeusi ndilo lililonikata pumzi.

Jumapili, 13 Julai

Padre Winston ameniletea Komunyo nyumbani baada ya misa. Nimeungama rasmi, yote, hata plasta. Ameniondolea dhambi. Malipizi: Ijumaa ijayo na zote nitakazojaliwa, nifasiri kilichosemwa tu, pasipo chumvi. Nimeapa kwa machozi. Nilijihisi mwepesi kama kitambaa.

Alipofika mlangoni akageuka. Alisema Ijumaa alikuwa kwenye mazishi Bweranyange, hakuona. Akauliza, kwa aibu kidogo, yule mwanamke anayelima ni nani.

Sasa, hakuna mahali waliposema. Lakini mimi nimezitazama pua zao. Nikamweleza Padre kwamba ni mama mzazi wa Jemadari Moru, aliyempoteza mtoto vitani, na mbegu ile aliyoifukia ameibeba tangu sehemu ya pili.

Padre akarudi akaketi, akavua kofia. Ikabidi nimwambie na ya Ijumaa ijayo.