Kiti Kinachozunguka cha Mwalimu Mkuu

Jumatatu, 7 Septemba

Shule zilizofungwa kwa ajili ya ugonjwa zinafunguliwa wiki ijayo! Zitakazopita ukaguzi, lakini. Mkaguzi wa afya anakuja kwetu Ijumaa. Shule ikifeli inabaki na kufuli, na mwalimu mkuu anaondolewa. Kikao kizima wenzangu walikuwa roho juu. Raha ya barakoa ni hii: unaweza kutabasamu kikaoni na asikuone mtu.

Mimi ni msaidizi wa mwalimu mkuu. Msaidizi! Miaka kumi na moja nagonga mlango wa ofisi ambayo ilitakiwa kuwa yangu. Ndani mna kiti kinachozunguka. Nilikikalia mara moja, siku mwenyewe alipokwenda msibani. Nikazunguka mara tatu. Tangu siku hiyo kiti changu cha mbao kinaniuma.

Mwalimu mkuu ni mama mpole. Kwake kila mtu ni "mwanangu", hata mimi mwenye upara. Shule haiongozwi kwa upole. Ijumaa lazima afeli.

Mshindani ninaye mmoja tu, mwalimu wa michezo. Watoto wanamwita Filimbi. Tangu shule zifungwe anashinda stoo, juu ya magodoro ya kurukia, usingizi wa pono. Huyo hanitishi.

Nyumbani, binti yetu wa mwisho kapiga pasi sare yake. Yuko darasa la mtihani, hapo hapo shuleni kwetu. Anasema tukifeli, mtihani wao unasogezwa mpaka mwakani. Nikamwambia mwakani si mbali. Akaitundika sare mlangoni.

Jumanne, 8 Septemba

Mpango wa kwanza: madawati. Darasa lisilo na pa kukaa si darasa, na mkaguzi hahitaji miwani kuliona hilo. Nikamwambia mlinzi ni amri kutoka juu. Mlinzi hakuuliza juu wapi. Tukatoa nusu ya madawati katika kila chumba, tukayarundika ukumbini. Mgongo wangu kwisha habari yake.

Mchana mwalimu mkuu akapita. Nikajibanza nyuma ya mlango nimsikie akilia. Akapiga vigelegele! Kumbe wiki nzima alikuwa anaumiza kichwa namna ya kuwakalisha watoto mbalimbali, na kila aliyemwomba ahamishe madawati alidai ana mgongo. Sasa nusu watasoma asubuhi, nusu mchana. Akauliza nani kafanya kazi hii. Mlinzi, mdomo wake hauna breki, akanitaja.

Mama akanigusa kiwiko kwa kiwiko. "Mwanangu, Mungu akuzidishie." Kiwiko kinaniwasha mpaka sasa.

Jumatano, 9 Septemba

Leo nimetumia akili. Ugonjwa huu unasafiri hewani. Hewa inazuiwa na nini? Kioo! Nashangaa shule nzima imejaa wenye vyeti na hakuna aliyeliona jambo jepesi namna hii. Chumba kisicho na vioo kinaukaribisha ugonjwa ndani na kuupa kiti.

Wenzangu wakiwa kwenye chai, nikachukua kisu cha jikoni nilichokuja nacho, nikachokonoa puti inayoshika vioo, nikang'oa kioo baada ya kioo. Vyote nimevificha ukumbini chini ya madawati. Nimejikata kidole. Sijali.

Filimbi akatoka stoo akijinyoosha. Akauliza kama nahitaji msaada. Nikasema hapana. Akarudi kulala. Na huyu naye analipwa!

Mwalimu mkuu aliyaona madirisha. Alikaa kwenye ngazi, kajishika shavu. Hatimaye!

Mke wangu kauliza kisu chake kiko wapi. Nikajitia sikusikia.

Alhamisi, 10 Septemba

Bomba. Shule ina bomba moja tu la maji, uani. Nikalikaza, nikalilegeza, nikalizungusha mpaka likabaki mkononi. Maji yakaniruka usoni, mlinzi akafunga koki kuu. Shule kavu! Hakuna kunawa!

Furaha ilidumu mpaka saa sita. Mwalimu mkuu alipiga simu kwa mzazi mmoja, mzazi akawapigia wenzake, na jioni zimefika ndoo za maji zenye bomba, moja kila mlango wa darasa. Shule zikifunguliwa watoto wote wangesukumana uani kwenye bomba moja. Sasa hakuna wa kumsukuma mwenzake. Mama ananisifu eti bila mimi kuligundua bomba bovu wangeumbuka mbele ya mkaguzi.

Ndoo ya darasa la mtihani niliitambua kwa ufa wake. Ni yetu, ya bafuni. Mke wangu ndiye kaitoa. Nimeoga kwa kikombe.

Ijumaa, 11 Septemba

Sijui nianzie wapi.

Mkaguzi alifika asubuhi. Mwembamba, barakoa mpaka chini ya macho, hana salamu ndefu. Akapima nafasi za madawati. Akanawa kwenye ndoo. Kisha akasimama dirishani, akapitisha mkono pale palipotakiwa kuwa na kioo, ukatoka nje mpaka kwapani. Nikasema moyoni, tayari, kibarua cha mama kimeota nyasi. Nikaanza kukiona kiti kikizunguka.

Akavuta pumzi ndefu. Akasema wiki hii amefelisha shule tisa kwa kosa moja: madirisha yamezibwa yote, eti ugonjwa usiingie. Amechoka kueleza kwamba ugonjwa unaingia na watu, na hewa ikipita ndiyo inayoutoa. Hapa, kwa mara ya kwanza, amekuta mtu anayejua. Ni nani? Mwalimu mkuu akaninyooshea kidole. Na madawati? Mimi. Na ndoo? Mimi tena! Filimbi akapiga makofi, wote wakamfuata. Kisha akarudi stoo.

Mwalimu mkuu akanisogelea, machozi yakimlengalenga. Akasema amepandishwa cheo, anahamia ofisi ya elimu, liliamuliwa tangu zamani, hata mkaguzi asingekuja angehama. Na jina alilopendekeza kwa kiti chake ni langu. Lilikuwa limeshakubaliwa!

Nilitaka kuimba.

Bahati mbaya mkaguzi ana masikio. Akasema mtu kama huyu kumfungia ofisini ni dhambi, nafasi yake ni langoni, watoto wanapoingia. Akapiga simu kwa wakubwa hapo hapo, mbele yangu. Wakubwa wakakubali. Wakauliza, basi kiti apewe nani? Mkaguzi akawajibu atafutwe mwalimu wa siku nyingi asiye na jukumu lingine. Shule nzima yuko mmoja asiye na jukumu lolote.

Ilibidi mlinzi akamwamshe.

Jumatatu, 14 Septemba

Kumi na mbili asubuhi niko langoni. Kizibao cha rangi ya chungwa, kinanibana tumbo. Mkononi kipimajoto. Nitasimama hapa mpaka ugonjwa uishe, na ugonjwa hauonyeshi dalili ya kuwa na haraka.

Watoto walikuja mapema, wengine wanakimbia. Wanakimbilia shule! Binti yetu alipofika akaniletea paji la uso kama mgeni mwingine yeyote. Kisha akawageukia wenzake, akasema kwa sauti, "Huyu ndiye baba yangu. Yeye ndiye aliyefungua shule." Nikaipandisha barakoa mpaka machoni. Barakoa hizi wanazishona vibaya.

Kupitia dirisha la ofisi nilimwona Filimbi. Anazunguka. Mara nne, tano. Hata hajui kuzunguka vizuri, miguu inaburuta chini.

Lakini nimefikiri siku nzima, na kosa langu nimelijua. Kila nilichokiharibu kwa yule mama kilitengemaa. Madawati, vioo, bomba. Niliharibu, akapandishwa cheo! Kumbe nilikuwa nafanya kinyume. Basi Filimbi sitamharibia kitu. Nitamsaidia kwa nguvu zangu zote, mchana na jioni, mpaka aanguke. Maskini, hajui kinachomngoja.

Nimeanza leo leo. Nimempelekea chai na mto laini wa kukalia.

Mke wangu kauliza mto wa sebuleni uko wapi.