Nyongeza za Ngumi ya Bata

Bwana Taratibu alikuwa na uso usiomkaa mtu kichwani. Haukuwa mbaya wala mzuri. Pua ilikuwa mahali pua zinapokaa, macho yalikuwa mawili, na habari yake ikaishia hapo. Watu aliowaliza katika miji minne walipoulizwa na polisi mtu huyo anafananaje, walitazamana, wakakuna vichwa, wakajibu, "Ni mtu tu." Uso huo ndio uliokuwa duka lake, shamba lake na pensheni yake ya uzeeni, naye aliulinda kama watu wengine wanavyolinda hati za nyumba. Hakuwa amepigwa picha tangu ile ya kitambulisho, na hata hiyo alipepesa macho kwa makusudi.

Asubuhi moja alikuwa ameketi kwenye benchi la kinyozi, katika mji wa tano, akingoja zamu yake. Juu ya kabati la taulo televisheni ilionyesha filamu ya karate ya kuchekesha, yenye watu wanaorushana juu ya mapaa na kupigana kwa mifagio. Steringi, yaani shujaa wa filamu, alimwangusha adui wa mwisho, majina yakaanza kupanda, na wateja wakaanza kujinyoosha.

"Tulieni," kinyozi akasema, akichukua rimoti. "Utamu uko huku nyuma. Nyongeza."

Katika nyongeza steringi yule yule alijaribu kuruka meza mara tisa, na mara tisa meza ikamshinda. Mwongozaji wa filamu alicheka mpaka akaanguka na kiti chake.

Bosi Waya, mwenye duka la vifaa vya umeme ng'ambo ya barabara, alikuwa amenyolewa nusu ya kichwa. Huyu ndiye bwana aliyetoza wateja ada ya kujaribu balbu. Sasa alicheka mpaka kinyozi akaondoa mashine ili kuliokoa sikio.

"Hata mimi naweza kuanguka hivyo!" akasema.

"Wewe? Utavunjika. Kuanguka kunataka nyama," akajibu Fundi Kochi, mtengenezaji wa makochi wa mlango wa pili. Huyo hakuwa na unywele hata mmoja; alikuja kila siku kwa ajili ya televisheni.

Bwana Taratibu akakohoa kidogo.

"Wakubwa, samahani. Niliapa nikifika mji huu sitasema kazi yangu. Nikisema tu, watu hunisumbua."

"Kazi gani?" kinyozi akauliza.

"Basi, yaishe. Mmalizie mwenzangu."

"Sema bwana, unatuweka roho juu!" Bosi Waya akasema.

Bwana Taratibu akashusha pumzi kama mtu anayevuliwa shati kwa nguvu. "Mimi ni mwongozaji wa filamu."

Kabla nusu ya pili ya kichwa cha Bosi Waya haijanyolewa, filamu ilikwisha kupata jina: *Ngumi ya Bata*. Ingekuwa habari ya mwalimu mzee anayefundisha mtindo wa kupigana kwa kutembea kama bata, na adui tajiri aitwaye Jenerali Baridi, anayegandisha watu ndani ya friji.

"Na sisi tutachangia pesa kiasi gani?" Fundi Kochi akauliza, jicho limemsinyaa.

Bwana Taratibu akasimama kutoka kwenye benchi, mkono kifuani. "Nani ametaja pesa hapa? Nikigusa pesa zenu, nishikeni shati mbele za watu! Mimi naazima vitu. Jumba la Jenerali haliwezi kuwa na kigoda na ndoo. Linataka televisheni, linataka friji, linataka makochi. Kila kitu kitakachoonekana, mwenyewe ataonekana nacho. Diski zikitoka, watu wa mbali watauliza, jamani, friji lile kauza nani?"

Bosi Waya akameza mate. "Friji lionekane kabla ya makochi."

"Adui atakaa juu ya friji?" Fundi Kochi akafoka. "Kochi kwanza!"

Hapo Bwana Taratibu alijua kazi yake imekwisha. Watu wakianza kugombania nafasi ya kuibiwa, mwizi hana haja ya kuongeza neno.

Kilichobaki kilikuwa kamera, maana bila kamera hata mjinga huuliza maswali. Kinyozi akampeleka kwa shangazi yake, aliyepiga video za harusi mji mzima akaitwa Mama Shughuli. Alikuwa mwanamke mnene, mpole, mwenye viatu vya raba. Chumbani mwake diski za harusi zilijaa rafu tatu, na kila moja ilikuwa na nyongeza zake, kwa kuwa wateja walimpendea hizo: bwana harusi akikariri kiapo chooni, mashangazi wawili wakivutana kwa ajili ya keki, baba mzazi akilia nyuma ya gari akidhani yuko peke yake.

"Jina lako litakuwa kwenye jalada, mama," Bwana Taratibu akamwahidi. "Ila sharti moja. Mimi sipigwi picha. Nina ugonjwa wa mwanga."

"Pole, mwanangu," akasema Mama Shughuli. "Nitakuombea."

Kazi ilianza Jumatatu, katika ua nyuma ya karakana ya makochi. Kabla ya kitu chochote Mama Shughuli aliweka kamera juu ya miguu yake mitatu, akawaambia wote wafumbe macho, akaiombea kazi, umeme, viungo vya waigizaji na makochi. Makochi yalihitaji sala kweli. Fundi Kochi alikuwa ameyashona kwa miezi mitatu kwa ajili ya hoteli mpya; mzigo ulitakiwa mwisho wa wiki, na malipo yake ndiyo yaliyokuwa karo ya watoto wake wanne. Lakini alitaka kuwa steringi, na tamaa ya namna hiyo haisikii karo.

"Amina," wakaitikia.

"Amina," akaitikia Bwana Taratibu, jicho moja likiwa wazi, likilipima friji.

Siku ya kwanza Jenerali Baridi, yaani Bosi Waya, alitishia dunia nzima kwa kutumia rimoti. Siku ya pili Fundi Kochi alipigana akiwa ameketi, kwa sababu alipozama kwenye kochi lake mwenyewe watu wawili walihitajika kumtoa. Siku ya tatu kinyozi, aliyeigiza mwalimu mzee, akajaribu kutembea kama bata kwa kuchuchumaa, kiuno kikalia kama mlango mkavu, na hapo akabaki amejikunja.

"Filamu imekufa," akagumia.

"Haifi," akasema Bosi Waya. "Mwongozaji ataigiza."

"Mimi? Nina ugonjwa wa mwanga!"

"Tutakubandika ndevu. Mwanga utaishia kwenye ndevu."

Wakambandika pamba kwa gundi ya mbao. Bwana Taratibu akakubali, maana ndevu zile zilimfunika mpaka machoni. Akachuchumaa. Akatembea kama bata. Akageuka, akapiga yowe, akampiga Jenerali Baridi kofi la bawa, na ua mzima ukapiga makofi.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Alikuwa ameigiza miaka ishirini mbele ya watu wasiojua kuwa ni maigizo, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumpigia makofi. Alirudia tena. Jasho likamtoka, gundi ikalegea, ndevu zikaning'inia upande mmoja kisha zikadondoka. Akashtuka, akajiziba uso.

"Mama! Hiyo kamera imezimwa?"

"Taa nyekundu unaiona, mwanangu?"

"Siioni."

"Haya," akasema Mama Shughuli, na hakuongeza neno, kwa kuwa alikuwa mwanamke asiyesema uongo.

Taa ile aliifunika kwa kipande cha plasta tangu zamani, kwa sababu watu wakiiona hukaa kama wanapigwa picha ya pasipoti. Na kamera hakuizima kamwe toka asubuhi mpaka jioni. Katika harusi mambo mazuri yote hutokea watu wakidhani kamera imelala.

Basi Bwana Taratibu akatulia. Mchana ule, wenzake walipokwenda kula, alibaki uani bila ndevu, akaufanyia mazoezi ule mwendo wa bata mara tatu, akainama kushukuru watazamaji wasiokuwepo. Kisha akapiga simu.

"Dereva? Lori lifike kesho saa nne. Watakuwa wamefumba macho, hakuna tatizo. Hapana, watapakia wenyewe. Nakwambia watapakia *wenyewe*!" Akacheka mpaka akashika friji asianguke.

Jioni, kama kawaida yake, Mama Shughuli aliketi akatazama kila dakika ya kazi ya siku tatu, hakuruka hata moja. Aliona jicho lililobaki wazi wakati wa sala. Akalirudisha nyuma, akalitazama tena. Akaisikiliza simu yote. Halafu akawaita mpwa wake na wale wawili.

"Namvunja miguu," akasema Fundi Kochi. "Karo ya wanangu ile."

"Humvunji mtu," akasema Mama Shughuli. "Tumalize filamu. Imebaki picha moja tu."

Siku ya nne, saa nne kamili, Bwana Taratibu alisimama uani na ndevu mpya, akaeleza mwisho wa hadithi. Jenerali ameshindwa. Mwalimu Bata anachukua mali yote ya dhuluma kwenda kuwagawia maskini. Wanafunzi wanabaki wamekaa chini, wamefumba macho, wakitafakari.

"Tutafakari mpaka lini?" Bosi Waya akauliza.

"Mpaka mtakaposikia kengele ya mwalimu. Anayefumbua kabla ya kengele anaharibu filamu nzima."

Kengele aliitia mfukoni.

Walipakia wenyewe, kama alivyotabiri. Maboksi matatu ya televisheni, boksi la friji, makochi yamefungwa kwa mashuka yasichubuke. Bosi Waya alilia machozi ya kushindwa. Fundi Kochi aligumia kwa uzito, akajishika kiuno, akatukana boksi. Bwana Taratibu alishangaa moyoni. Siku tatu hawakuigiza vizuri hivi.

Wakakaa chini wakafumba macho. Mwalimu Bata akawapita kwa mwendo wake wa bata, akapanda lori, na lori likaondoka.

Alisimamisha lori mji wa sita, mbele ya mfanyabiashara aliyekwisha kukubali kununua kila kitu. Boksi la kwanza lilitoa matofali. La pili, matofali. Chini ya mashuka kulikuwa na fremu za mbao mbovu zilizoshindiliwa nyasi. Friji lilikuwa friji kweli, ila halikuwa na mashine, na ndani yake, kwenye trei ya mayai, zililazwa ndevu zile za kwanza za pamba. Dereva akanyoosha kiganja akidai nauli ya lori. Bwana Taratibu alilipa kutoka mfukoni mwake, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa miaka mingi.

Akajifariji kwamba uso wake bado anao.

Miezi mitatu baadaye, mbali sana na huko, aliingia duka la viatu. Mwenye duka alikuwa mama mwenye pete nne. Bwana Taratibu akakohoa kidogo.

"Mama, samahani. Niliapa nikifika mji huu sitasema kazi yangu."

Yule mama akamtazama. Mdomo ukaanza kumcheza. "Nikisema tu..." Bwana Taratibu akaendelea.

"...watu hunisumbua?" wakamalizia wauzaji wawili kwa pamoja, na duka zima likaangua kicheko, mama akiwaita wapita njia: "Njooni! Njooni mumwone! Mwalimu Bata! Hebu tutembelee kibata kidogo, mwalimu!"

Alitoka mbio. Mtaani mkokoteni wa diski ulimkabili, na juu ya rundo lilikuwa jalada lenye uso wake, mkubwa, bila ndevu, jicho moja wazi. Muuzaji alipunguza bei ya filamu zote isipokuwa hiyo.

"Hiyo haishuki, mkubwa. Filamu yenyewe dakika arobaini, tena mbaya. Lakini nyongeza ni saa mbili! Kinyozi anasimulia yalivyoanza, utacheka ulie. Huko kwao wamenunua lori la kusambazia, na yule wa makochi ana tenda za hoteli tatu."

Bwana Taratibu akainunua kwa bei kamili. Akaenda kibanda cha video, akaketi benchi la nyuma, kofia machoni, begi miguuni. Begi hilo lilikuwa na kila alichobakiwa nacho duniani, pamoja na kengele. Kibanda kilikuwa kimejaa. Akamwomba mwenye kibanda aruke filamu, aonyeshe nyongeza.

Akajiona akifanya mazoezi ya kuinamia watazamaji, na kibanda kizima kikapiga makofi. Akajiona akishika friji kwa kicheko. Akaliona lori likiondoka, na nyuma yake watu watatu wamekaa chini wakitafakari, kila mmoja jicho moja wazi, wakilisindikiza mpaka kona. Alijaribu kukasirika, lakini kicheko kikamtoka puani.

Mwishoni kabisa Mama Shughuli mwenyewe alikaa mbele ya kamera, akapangusa miwani.

"Tuombe," akasema. "Ee Mwenyezi Mungu, mlinde yule ndugu yetu huko aliko. Umpe kazi ya halali, maana kipaji anacho. Umfundishe na kufumba macho, hata mara moja tu."

Bwana Taratibu akavua kofia. Kwa mara ya kwanza tangu utotoni akayafumba macho, yote mawili, akayabana.

"Amina," akasema.

Alipoyafumbua, begi halikuwepo.

Akaruka juu. "Begi langu! Nani alikuwa amekaa hapa pembeni yangu? Mmemwona? Anafananaje?"

Watu wa benchi wakatazamana, wakakuna vichwa.

"Sijui," mmoja wao akajibu. "Ni mtu tu."